Kobe, Weka Shoka Chini

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba goti la Mama limetulia tangu mvua zilipokatika. Mimi huku sijambo kabisa, tena nimenenepa, na sababu yake utaisoma hapo mbele. Mpe Mama salamu zangu kabla hujaendelea, maana najua ameshasogeza kiti karibu nawe anauliza nimesema nini. Mwambie nimesema nampenda, na mboga za majani nakula.

Barua yako niliipata. Niliisoma nimesimama mlangoni pa kiwanda, nikairudia nimekaa. Umeandika kwamba mvua zikianza tu unaikata mikakao yote, ile ya bondeni na ile aliyoipanda marehemu baba nyuma ya nyumba, upande miti ya nguzo. Kwamba Bwana Hasara amekuja tena na pikipiki yake, ameingiza mkono kwenye gunia, amekunja uso kama mtu aliyenusa soksi, na amekulipa bei ya makapi kama misimu yote. Kwamba shoka umeshalinoa. Sasa kaka, nakuomba jambo moja. Lichukue hilo shoka, liweke chini, ulikalie mpini. Nimesema mpini, si makali, maana nakujua. Usinyanyuke mpaka barua hii iishe. Ningekupigia simu, lakini simu yako huwa imezimwa ndani ya kabati la vyombo, na hata ingekuwa hewani, chokoleti haitumwi kwa simu.

Ndiyo, nimekutumia chokoleti. Kwenye kifurushi mna vipande vitatu. Kimoja kimefungwa uzi mweupe, kingine uzi mweusi, cha tatu uzi wa zambarau. Watoto wasiviguse bado. Wifi naye asiuangalie sana huo uzi wa zambarau, nitamwambia wakati wake ukifika. Ukikuta chokoleti imefanya utando mweupe juu, usiseme imeota ukungu ukaitupa. Ni mafuta yake yamepanda kwa joto la safari. Inalika vizuri tu.

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana nasikia huko nyumbani mnawaambia watu kwamba nafunga maboksi. Nilifunga maboksi zamani. Siku hizi mimi ni mwonjaji. Usicheke. Tajiri wangu alikuwa daktari wa meno mpaka alipostaafu, na mji mzima bado unamwita Daktari. Alianza kutengeneza chokoleti kwenye chumba kilekile alichokuwa akitibia wagonjwa, na kile kiti kirefu cha kulala bado kipo, tunawekea trei. Watu humtania kwamba miaka yote aling'oa meno, sasa anayatoboa ili wajukuu wake wapate kazi. Ni mtu wa maneno machache, mkali wa usafi, na hasemi uongo hata wa kumfurahisha mgeni. Aliniona siku moja ninanusa mbegu kabla ya kuzimwaga kwenye kikaango, akaniuliza nanusa nini. Nikamwambia hizi zilianikwa zikanyeshewa. Akanusa na yeye, akatikisa kichwa, akasema kuanzia kesho nikae meza ya kuonjea. Sijui alitegemea nini kwa mtu aliyezaliwa kwenye shamba la kakao na kuitwa Mlafi tangu utotoni kwa sababu ya kufyonza utamu wa mbegu mbichi kabla hazijaingia sanduku la kuvundikia. Fimbo nilizochapwa kwa ulafi ule, leo ndizo zinazonipa mshahara.

Kazi yenyewe ina masharti kama ya mwali. Asubuhi hakuna kitunguu, hakuna pilipili, hakuna manukato. Mpishi jirani alinipa andazi la iliki, nikalificha mfukoni mpaka mchana kama mwizi. Na kabla ya kuonja unatazama: chokoleti iliyopozwa vizuri inang'aa bila kupakwa kitu. Ukiivunja inalia ta! kama kijiti kikavu. Ikikunjika au ikimeguka kama udongo, aliyeipoza alikuwa na haraka. Halafu unainusa. Halafu unaiweka kwenye ulimi, na hapo ndipo pana shida na watu wa kwetu: haitafunwi. Unaiacha iyeyuke yenyewe.

Haya, fungua uzi mweupe. Kipande hicho kilitoka kwenye duka lenye vioo na mlinzi, karatasi yake ilikuwa na maandishi ya dhahabu. Onja. Tamu, sivyo? Sasa niambie, ukiondoa sukari na vanila umebaki na nini? Mimi nilitafuta kakao humo kama anayetafuta nyama kwenye mchuzi wa msiba. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Daktari alinifundisha kuisoma karatasi kabla ya kuionja chokoleti: hiyo iliandikwa kakao teule ya nchi za joto, basi. Haikusema ya nani, ya shamba gani, ya msimu upi. Ni kama mgeni unayemuuliza kwao wapi akakujibu, huko huko.

Kunywa maji kidogo, fungua uzi mweusi. Hiyo ndiyo wanayoiheshimu wasomi wa chokoleti, nyeusi tii, chungu mpaka sikio linasimama. Watu wanadhani uchungu ndio ubora, wanaitafuna huku machozi yanawalenga wakisema, naam, hii ndiyo yenyewe. Uongo mtupu. Ile ni mbegu iliyokaangwa mpaka ikaungua, na mtu haunguzi mbegu nzuri. Anaunguza ile iliyotolewa sandukuni kabla haijavundikika, ili moto ufiche ukali wake. Mama akishaionja mwambie aiteme tu, hatavunja heshima ya mtu.

Uzi wa zambarau uache kwanza. Nina habari ndefu.

Miezi kadhaa iliyopita Daktari alipata mbegu mpya. Kuna mfanyabiashara humletea, na aliapa kwamba zinatoka kwenye shamba kubwa la tajiri mmoja juu mteremkoni, lenye nyumba maalumu ya kuvundikia, wataalamu wenye makoti meupe na mlinzi getini. Daktari alifurahi, akachapisha karatasi zenye jina la shamba hilo. Tukakaanga, tukapepeta maganda, tukasaga mpaka mawe yakapata moto, na siku ilipopoa akanikatia kipande.

Kaka, nilikiweka kwenye ulimi. Kwanza ulikuja uchachu mdogo wa tunda lililoiva sana, halafu utamu mzito kama wa sukari guru, halafu kitu ambacho sikuwa na jina lake isipokuwa kwamba nilijiona nimelala kifudifudi juu ya mkeka wa kuanikia, jua linanichoma mgongoni, na Mama ananiita nitoke hapo. Machozi yakanitoka. Daktari akaniuliza ni jino gani linauma. Mazoea.

Sikumwambia kitu. Ulimi wa mtu anayekumbuka kwao si shahidi wa kuaminika. Angeweza kunipa sabuni siku ile nikasema inanukia nyumbani. Nikachukua kisu, nikapasua mbegu moja moja kwa urefu, ndivyo tunavyozipima. Mbegu iliyotolewa mapema ndani huwa ya kijivu, imeshikana kama kibao cha sleti, au ina rangi ya biringanya. Hizi zilikuwa kahawia, zina nyufa ndani kama matope yaliyokauka. Daktari alipoziona akasema aliyezivundika hizi ana subira ya ajabu, majirani zake wote watakuwa walishauza yeye bado anangoja. Nikacheka peke yangu. Akaniuliza nacheka nini, nikasema hakuna. Lakini moyoni nilishajiuliza, hivi duniani kuna Kobe wangapi kama wewe?

Magunia huwa tunayakuta yameshafunguliwa, mbegu zimemwagwa kwenye mapipa. Mchana ule nilimwomba mpagazi anionyeshe magunia yenyewe, akanipeleka stoo ya nyuma. Mwite wifi sasa, asogee. Mdomo wa gunia la kwanza, upande ambao haukukatwa, bado ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa kufumia, wa zambarau, mishono ya kupishana, na mwisho wa mshono palikuwa na ua. Ua, kaka! Nani mwingine chini ya jua hili hawezi kumaliza mshono wowote bila kuweka ua? Nani alikushonea kiraka cha suruali ya shambani akakuwekea ua kwenye makalio, ukatembea nalo mpaka mnadani? Niligeuza gunia la pili, ua. La tatu, ua. Ni uzi uliobaki kwenye sweta la mtoto, naapa. Nilikaa juu ya yale magunia nikacheka mpaka mpagazi akaenda kuniletea maji. Hata hapo Daktari sikumwambia; nilitaka kwanza nimwone huyo aliyeyaleta.

Wifi, huo uzi uliofunga kipande cha tatu ni wako. Nimeuchomoa kwenye gunia.

Yule mfanyabiashara alikuja siku mbili kabla ya mashindano, nitakueleza mashindano gani. Nilikuwa ndani, nikasikia sauti uani ikilia kwamba safari hii amekula hasara, mafuta yamepanda, mgongo unauma, hana faida hata ya chai. Nikatoka mbio na mwiko mkononi. Bwana Hasara mwenyewe! Hakunitambua, kwa kofia ya kazini na huu unene. Nikamkaribisha kwa adabu, nikamuuliza habari za lile shamba la mteremkoni, akanisimulia makoti meupe na mlinzi. Nikamuuliza mlinzi huyo anaitwa nani. Akasema hamkumbuki vizuri. Nikamuuliza, na Kobe hajambo? Na mkewe, bado anashona maua? Kaka, laiti ungekuwepo. Kofia aliivua akaivaa. Akajibaraguza kwamba zile mbegu zilichanganyika kidogo njiani. Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia pale kwenye ngazi za Daktari, maana Daktari alikuwa amesimama nyuma yangu amesikia yote.

Kwa hiyo kwako zikawa makapi, na huku zikawa dhahabu. Mbegu zilezile. Nilikasirika, na hasira yangu ilikuwa juu ya ile misimu yote uliyorudi ndani ukamwambia Mama kwamba labda udongo umechoka.

Sasa haya mashindano. Kila mwaka watengenezaji wa chokoleti hapa mjini hukutana, chokoleti inaonjwa ikiwa uchi, bila karatasi, ili majaji wasihongwe na rangi. Lakini ladha ni nusu ya alama. Nusu ya pili ni asili: lazima usimame umtaje mkulima, useme mbegu zilivundikwaje na kuanikwaje, na majaji wawe na njia ya kuhakikisha. Karatasi zetu zote zilikuwa na jina la shamba lisilokuwa na kakao hata mti mmoja. Niliogopa Daktari angesema tunyamaze tu mwaka huu, tutengeneze mambo baadaye. Alikaa kwenye kile kiti cha wagonjwa, kati ya trei, akafikiri. Kisha akasema katika maisha yake aliwahi kung'oa jino lisilo lenyewe mara moja, na alimwambia mgonjwa palepale kabla hajanyanyuka. Tukazibandua karatasi zote, mimi, yeye na mpagazi, tukafunga chokoleti kwa karatasi nyeupe ya kawaida.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Tulipoitwa, Daktari aliwaambia majaji kwamba alidanganywa kuhusu asili ya mbegu, amejua juzi tu, na kwamba mwenye kuzijua ni huyu hapa. Akanisukuma mbele. Nikasema mkulima ni kaka yangu, tumbo moja. Wakaniuliza anavundika kwa njia gani. Basi na mimi, kwa woga na furaha, nikafanya lile tunalofanya sote nyumbani kila anapokuja mgeni: nikakutania. Nikasema huyo kwao anaitwa Kobe kwa uvivu. Majirani wanazitoa mbegu sandukuni siku ya tatu, yeye anazifunika kwa majani ya migomba anaenda kulala, mkewe anapiga kelele, yeye anajibu kesho, na kesho ikifika anajibu kesho, ndiyo maana mbegu zimeiva hivi. Ukumbi mzima ukacheka. Nikaona mambo yamenyooka.

Jaji mmoja hakucheka. Ni mama mtu mzima, miwani yake imening'inia kifuani kwa kamba. Alisema chokoleti hii ndiyo bora kuliko zote alizoonja siku ile, lakini kama nisemavyo ni kweli, basi ni bahati nasibu. Uvivu haununuliwi, alisema. Msimu ujao huyo bwana akichangamka au akizidi kulala, mbegu zitaharibika, na hakuna mtu mwenye akili atakayefunga safari kwenda kununua usingizi. Akafungua kalamu aandike sifuri. Daktari akanitazama. Mzaha wetu wa miaka yote ulikuwa unakwenda kukukatia mikakao yako kabla ya shoka lako.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo nimelizungukazunguka tangu ukurasa wa kwanza. Vumilia, na usinikasirikie.

Niliwaambia ukweli. Niliwaambia kwamba likizo yangu ya mwisho niliamka alfajiri kwenda kuchota maji, nikakuona kwenye masanduku ya baba. Ulikuwa umefunua majani, umeingiza mkono kwenye mbegu mpaka kiwiko, umefumba macho. Ulikaa hivyo kitambo. Kisha ukautoa, ukanusa kiganja, ukanusa na kucha, ukazigeuza mbegu kwa lile koleo la mti, za chini juu na za juu chini, ukafunika polepole kama unayemfunika mtoto. Wifi alipotoka ukawa umeshakaa kwenye kizingiti unajinyoosha, akakuita mvivu, ukamjibu kesho. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko na ndoo yangu. Nilijua nimeona nini, kwa sababu baba alikuwa anafanya vilevile, mkono uleule, na sisi tulikuwa wadogo tukadhani anawasha moto humo ndani. Alisema joto likipanda liache, likianza kushuka lenyewe ndipo mbegu zimekubali. Hakuna kalenda ya hilo. Kuna mkono tu.

Sikukwambia kwamba nilikuona. Nilidhani unamkumbuka baba na hutaki kuguswa hapo, nikaona heri tuendelee na utani wetu. Sijui kwa nini uliacha watu wakuite mvivu miaka yote badala ya kusema. Labda uliona aibu kuonekana unashika mbegu kama unamsikiliza mtu. Mimi mbele ya ukumbi ule nilivimba kwa fahari, nikalia waziwazi, nikasema kaka yangu si mvivu, kaka yangu anangoja, na ndiye mtu mwangalifu kuliko wote ninaowajua. Siri yako nimeimwaga mbele za watu, kaka. Nisamehe, au usinisamehe, ila mambo yakaenda hivi.

Yule mama alivaa miwani. Aliniuliza mkono gani, wa kulia au wa kushoto. Nikasema wa kushoto, kwa sababu wa kulia una sugu za jembe na hausikii joto vizuri. Akaweka kalamu chini. Ladha walitupa alama ya juu kuliko wote. Asili hawakutupa kitu, maana sheria inataka waone kwa macho, kwa hiyo kombe lilikwenda kwa mtu mwingine, na Daktari akampigia makofi kwa nguvu kuliko mwenye kombe mwenyewe. Lakini yule mama alitufuata mlangoni, akasema nafasi ya asili ameiacha wazi mpaka ayaone hayo masanduku.

Basi Ijumaa ya wiki ijayo tunakuja. Mimi, Daktari, na huyo mama. Daktari anataka kununua kwako mwenyewe, mkono kwa mkono, bila pikipiki ya mtu katikati, msimu huu na inayofuata, kwa bei ya mbegu bora maana ndizo ulizonazo. Ameniuliza kwenye karatasi mpya aandike nini. Nimemwambia aandike jina lako, na pembeni achore kobe. Simsifu mtu mno, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini kobe huyo lazima achorwe.

Wifi asihangaike na mapambo. Ila ile suruali yenye ua, naomba uivae siku hiyo. Daktari ameisikia sana.

Sasa fungua uzi wa zambarau. Mpe Mama kipande cha kwanza, wifi cha pili, watoto wagawane, na wewe chukua kikubwa. Ni chako. Tumekulia ndani ya kakao, baba alizeeka ndani ya kakao, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujua inaishia kuwa nini. Baba hakuonja. Wewe onja. Usitafune. Ngoja tu, kama unavyojua kungoja.

Ukimaliza, hilo shoka unaweza kulinyanyua ukapasulie kuni. Wageni watahitaji chai.

Wasalimie wote wanaoniulizia, na majirani wa siku ya tatu pia, waambie nina ujumbe wao. Mama asitembee bila fimbo yake. Tutaonana Ijumaa, Mungu akitujalia safari njema, na nitashuka garini nikiwa na njaa.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda na kujivunia,

Mlafi